Mguu wa Kushoto wa Sindano

Aliyemwambia Jicho kwamba binti yake anapeleka njumu zake kwa Gundi alikuwa Gundi mwenyewe, na alimwambia mbele za watu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kama kila Jumatatu, benchi la Jicho lilikuwa limejaa watu wasio na kiatu cha kushona. Timu ya mji ilikuwa imefungwa nyumbani jana yake, na wenye uchungu walikuja kuambiwa kwa nini. Jicho alikuwa fundi viatu wa kawaida tu, mwenye kibanda cha mabati kwenye kona ya barabara ya kwenda uwanjani, lakini hakuna mechi iliyompita. Za ligi kuu alikuwepo, za chuo alikuwepo, za shule alikuwepo, hata zile za watoto wadogo ambazo refa huchezesha kwa kandambili. Timu hakuwa nayo. "Timu wanazo wengine," alizoea kusema, "mimi nina macho." Jina likatokea hapo.

"Beki wenu wa kulia," alisema huku akivuta uzi uliopakwa nta, "ananiletea njumu zimelika kisigino. Kisigino! Beki anayekimbia sawasawa, soli inalika mbele. Huyu anatembea. Haya niambieni, bao la kwanza limepita upande gani?"

"Kulia," walijibu kwa pamoja kama darasa.

"Halafu mnamtukana kipa."

Walicheka, na waliokuwa na uchungu wakapoa kidogo. Hapo ndipo Gundi alipovuka barabara. Naye alikuwa fundi, kibanda chake kilitazamana na cha Jicho, na jina lake lilikuwa maelezo ya kutosha: kushona kulimshinda, kila kitu alikibandika. Alisimama pembeni, mikono mfukoni, akangoja kicheko kiishe.

"Jicho, ndugu yangu," alisema, "wewe unaona viatu vya mji mzima. Vya binti yako umeviona lini?"

"Vya binti yangu vina nini?"

"Havina kitu. Nimemtengenezea mimi. Wiki iliyopita aliniletea, na kabla ya hapo aliniletea. Mtoto ana adabu zake, analipa papo hapo."

Benchi zima likaangua kicheko. "Fundi, hata nyumbani umepoteza mteja!" mmoja alisema, na mwingine akaongeza kwamba labda bei zake kali. Jicho alicheka nao kwa sababu hakuwa na la kufanya, na sindano ikamchoma kidole. Alikifyonza kile kidole kimya kimya, akaendelea kushona.

Binti huyo mji wote ulimjua kwa jina la Sindano. Alikuwa namba kumi wa timu ya wasichana ya sekondari, na mashabiki walimwita hivyo kwa jinsi alivyopitisha mpira kati ya mabeki mahali ambapo hata uzi ungekwama. Jumamosi ilikuwa fainali ya shule. Kocha wa timu ya wanawake ya chuo angekuja kuchagua msichana mmoja, mmoja tu, wa kusomeshwa bure mpaka amalize: ada, kitanda, chakula na vitabu. Kwa Jicho na mkewe, mlango wa chuo ulikuwa huo. Mwingine haukuwepo.

Na njumu zote ambazo Sindano aliwahi kuvaa, tangu zile za kwanza zilizokatwa kutoka kwenye buti kuukuu la askari, zilikuwa zimepita mikononi mwa baba yake. Ndiyo maana kidole kiliacha kutoka damu mapema, lakini moyo haukuacha.

*

Jioni hiyo walikuwa watatu mezani. Mkewe alikuwa amerudi kutoka zahanati anakofanya usafi, bado amevaa gauni la kazi la kijani. Sindano aliketi upande wa ukutani, miguu ameinyoosha chini ya meza.

"Njumu zako ziko wapi?" Jicho aliuliza.

Sindano alimtazama mama yake kwanza. "Zipo, baba."

"Zilete nizione. Kuna fainali Jumamosi."

"Ziko sawa. Nimeshazitengeneza."

"Kwa nani?"

Mkewe alianza kukusanya sahani ambazo hazijaisha chakula. Sindano alishusha macho. "Kwa yule wa ng'ambo. Wewe una kazi nyingi, baba. Sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua." Jicho alilirudia neno lile polepole. "Nashona viatu vya watu ambao hawanijui hata jina langu la nyumbani, halafu mwanangu ananisumbua."

"Baba Sindano, mwache mtoto ale," mkewe alisema.

"Nimemshika mdomo? Ale. Nauliza tu. Kama amekwisha kuwa mtu wa chuo, na mtu wa chuo hawezi kuonekana kwenye kibanda cha baba yake, aniambie nijue."

"Siyo hivyo," Sindano alisema, na sauti yake ikakatika. Aliinuka, akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, akaenda chumbani. Jicho hakumtazama anavyotembea. Alikuwa ametazama sahani yake, amejaa kisirani, na labda huo ndio usiku pekee katika maisha yake ambao mtu alipita mbele yake asimwangalie miguu.

Mkewe alikaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache yale aliyapima. "Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Jumamosi, Maiki wa redio akija na kile chombo chake, usiseme. Mwambie umekauka koo. Mwambie lolote."

"Mimi? Nisiseme? Fainali?"

"Siku moja tu."

Jicho alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Sasa naelewa. Wote wawili mnanionea haya."

Mkewe alifungua mdomo, akaufunga. Mara nyingi baadaye alijilaumu kwa kuufunga, ingawa hata kama angesema, hakuwa na hakika ingesaidia.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta. Maiki, mtangazaji wa redio ya mji, alikuwa na meza yake chini ya jukwaa, na kila alichosema kilitoka redioni na kwenye spika kubwa za uwanjani kwa pamoja. Wakati wa mapumziko alikuwa na desturi ya kupanda jukwaani na kipaza sauti kuwauliza mashabiki maoni yao, na desturi hiyo kwa kweli ilikuwa ya mtu mmoja. Mashabiki wengine walipiga kelele tu. Jicho alichambua, na watu walinyamaza wamsikilize, hata waliokuwa wananunua maji.

Alikaa mahali pake pa siku zote. Gundi alikaa nyuma yake. Ng'ambo ya uwanja, karibu na benchi la akiba, alimwona mkewe na gauni lake la kijani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Hatua chache kutoka kwa mkewe alikaa mwanamke mwenye suti ya michezo ya bluu, kalamu sikioni. Huyo ndiye kocha wa chuo.

Kabla mpira haujachangamka, Sindano alipokea pasi katikati, akainua kichwa, akapenyeza mpira kati ya mabeki wawili. Winga wao, msichana mwembamba waliyemwita Kiberiti kwa sababu alikuwa akiwaka mara moja, aliufuata na kufunga. Uwanja ulilipuka. Kocha wa chuo alitoa kalamu sikioni akaandika. Wanaume waligeuka wakampiga Jicho mgongoni: hongera, Fundi, umezaa! Yeye alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeganda.

Mpira ule ulikuwa umekuja kwenye mguu wa kushoto. Mchezaji wa kipaji kile angeuchukua kwa kushoto na kuwa ameshageuka. Sindano aliuacha upite mbele ya mwili wake, akauchukua kwa kulia. Ilikuwa kufumba na kufumbua, na pasi ilikuwa nzuri mno hata hakuna ambaye angejali. Jicho alijali. Akaanza kumfuata. Akiruka kupiga kichwa, alitua kwa mguu wa kulia kwanza. Akigeuka, aligeukia upande uleule. Sindano alikuwa amelificha hilo kwa ufundi mkubwa, na aliyetazama mpira hakuona chochote. Jicho hakuwa akitazama mpira. Goti, alijisemea. Mwanangu ana goti.

Ajabu ni kwamba hakuunganisha. Goti aliliona, njumu alizikumbuka, lakini la njumu lilikuwa limekwisha kumkaa rohoni kama dharau, na dharau haikumpa nafasi ya kufikiri vingine. Aliapa moyoni kwamba leo atanyamaza. Aliapa kweli.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Maiki alipanda ngazi anahema. "Fundi! Wasikilizaji wanakungoja. Tuambie juu ya namba kumi."

"Leo sina neno," Jicho alisema.

"Leo amefumba!" Gundi alipaza sauti nyuma yake ili kila mtu asikie. "Wa wengine anawachana kweupe, wa kwake kimya! Jicho gani hilo? Hilo ni la kioo!"

Kicheko kikapita jukwaa zima, na kikaingia kwenye kipaza sauti, na kikatoka kwenye spika. Ng'ambo ya uwanja mkewe alikuwa amesimama. Alitikisa kichwa, polepole, mara mbili. Jicho alimwona vizuri kabisa. Hakuna kitu siku ile ambacho hakukiona.

Alikishika kipaza sauti.

"Mimi simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema, na sauti yake ikarudi kwake kutoka pande zote za uwanja. "Hata awe damu yangu. Namba kumi amecheza vizuri, lakini anacheza kwa mguu mmoja. Goti la kushoto lina hitilafu. Mpira ukija kushoto anauacha upite. Akiruka anatua kwa kulia. Mabeki wale wanahangaika bure. Wampeleke kushoto tu, amekwisha."

Jukwaa lilishangilia kama bao. "Jicho! Jicho! Hata mwanawe hamwachi!" Hata Gundi alipiga makofi. Na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, Jicho aliona raha.

Chini uwanjani wasichana walikuwa wamekaa duara wakinywa maji. Sindano aliinua kichwa, akaitazama spika iliyokuwa juu ya nguzo. Hakumtafuta baba yake jukwaani. Aliweka chupa chini, akaanza kuifunga upya kamba ya njumu ya kushoto, ingawa haikuwa imefunguka. Mwanamke wa suti ya bluu alikuwa ameacha kuandika.

Kocha wa wapinzani naye alikuwa na masikio. Kipindi cha pili kilipoanza, mabeki wake hawakumfuata tena Sindano kwa papara. Walimzibia kulia, wakamfungulia kushoto, wakamngoja huko. Mara ya kwanza alijaribu kugeuka, mguu ukagoma. Mara ya pili alirudisha mpira nyuma. Mara ya tatu alianguka bila kuguswa na mtu, na watu wakaguna. Mwalimu wake alimtoa. Alitoka akitembea wima, hatua za kuhesabu, akijitahidi kuwa sawa mbele ya watu wote ambao sasa walikuwa wakimwangalia mguu.

Timu yake ilishinda. Kiberiti alifunga tena. Baada ya kombe kuinuliwa, kocha wa chuo alimwendea Sindano kwenye benchi, na Jicho, aliyekuwa ameshuka mbio, alifika kwenye uzio akasikia.

"Binti, simama kwa mguu wa kushoto peke yake."

Sindano alisimama. Aliinua mguu wa kulia. Goti lilitetemeka, likatetemeka zaidi, na uso wake ukalowa jasho. Alikaza macho kwenye goli la mbali kana kwamba pale ndipo pa kushikilia. Kiberiti alimdaka kiwiko kabla hajaanguka.

"Basi," kocha alisema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Asante. Kaa chini, mwanangu."

*

Nyumbani walimwekea mguu juu ya kigoda. Mkewe alikanda goti kwa maji ya moto, na kwa jinsi mikono yake ilivyojua pa kushika na pa kuacha, Jicho alitambua kwamba haikuwa mara ya kwanza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Muuguzi wa zahanati alimwona. Kuna kitu kimechanika ndani. Kinataka upasuaji, na upasuaji wa aina hiyo si wa watu kama sisi."

"Na mkanificha."

Maji yalichuruzika kwenye beseni.

"Mimi ni baba yake! Mtoto ana goti limechanika, anakimbia nalo, mama mtu anatazama, na mimi naambiwa nimekauka koo? Angelimaliza kabisa lile goti! Nimesema kweli au nimesema uongo? Niambieni, nilikosea wapi?"

"Hukukosea, baba," Sindano alisema. Hakuwa na hasira, na Jicho angelipa chochote awe nayo. "Wewe hukosei. Ndiyo maana nilipeleka njumu kwa Gundi. Ya kulia imelika, ya kushoto karibu mpya. Ungezishika tu, ungejua."

Jicho alikaa kwenye kiti.

"Chuo kina daktari wao," Sindano aliendelea, akiitazama ile taulo gotini. "Mchezaji akishasajiliwa, akiumia wanamtibu wenyewe. Wale dada wa chuo waliniambia. Mmoja amepasuliwa mwaka jana, sasa anacheza. Usajili ni Jumatano. Nilikuwa namalizia mechi moja tu, baba. Baada ya hapo ningesema nimeumia mazoezini, wangenitengeneza."

"Ungeniambia! Ningekufichia! Mimi si baba yako?"

Mkewe alikamua taulo. "Tulitaka kukuambia," alisema. "Tulikaa hapa tukajadili, mimi na yeye. Tukaona haiwezekani. Wewe ukiona kitu, mji mzima umekiona. Huwezi kukaa nacho. Si ubaya, ndivyo ulivyo."

Alisema hivyo bila kumsuta, kama mtu anayeeleza kwamba paa linavuja. Jicho alikumbuka raha aliyoipata jukwaani, na aibu ikamshika shingo mpaka masikioni. Alitaka kumgusa binti yake kichwani. Mkono haukuinuka.

*

Jumatatu hakufungua kibanda. Alivaa shati la kwenda kwenye misiba, akaenda chuoni. Mlinzi wa getini alimtambua: "Jicho! Leo umekuja kutuchambua na sisi?" Akamruhusu kupita bila kumwandikisha.

Kocha alikuwa kwenye stoo ya vifaa, anajaza mipira upepo. Alimpa kiti cha plastiki. Jicho hakukaa.

"Mwalimu, nimekuja kurekebisha. Jumamosi nilikosea. Mtoto goti lake zima. Siku ile alikuwa na uchovu tu, hakulala vizuri. Na mimi… jua lilinipiga machoni. Upande ule jua ni kali."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya mpira, na aliusema vibaya, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwingine. Kocha alichomoa pampu, akaushika mpira kifuani.

"Fundi, nakusikiliza redioni tangu mimi mwenyewe nacheza," alisema. "Ulisema winga wetu ataumia paja, akaumia. Ulisema yule kipa wa ligi haoni mipira ya juu, wakampima macho, kweli haoni. Mtu kama wewe hakosei."

"Safari hii nilikosea."

"Nilimsimamisha mwenyewe."

Jicho alivua kofia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi mchukue hivyo hivyo. Daktari wenu atamtibu. Nakuomba, Mwalimu. Siombi kwa ajili yangu."

"Akishakuwa wetu tunamtibu. Kabla hajawa wetu siruhusiwi kumchukua mgonjwa, na sasa siwezi kusema sijui. Imetangazwa redioni, Mzee wangu. Mkuu wa chuo ameniuliza kuhusu goti kabla mimi sijamwambia jina." Alikaa juu ya sanduku la jezi, akaonekana mchovu. "Nikuambie kweli? Mimi nilikuwa sijaona kitu. Nilikuwa nimeshaandika jina lake. Nilitazama ile pasi, nikasema huyu, hakuna mwingine. Ulipoongea ndipo nikaangalia mguu."

Nje wasichana wa chuo walikuwa wakipasha misuli, wakihesabu kwa pamoja. Jicho alisimama pale na kofia mkononi. Alitaka kusema neno la kuaga, hata la adabu tu, lakini koo lake lilikuwa limekauka kweli.

"Akipona, mlete," kocha alisema. "Nitampokea." Wote wawili walijua kwamba hakuna wa kumponya.

*

Nafasi ilipewa Kiberiti.

Kibanda kilifunguliwa tena, na watu wa benchi walirudi, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Timu ya mji ilishinda, wakamuuliza imekuwaje. Alisema walicheza vizuri. Wakangoja. Hakuongeza. Timu ya chuo ikatoka sare, Maiki akaja na kipaza sauti hadi kwenye kibanda. Jicho alimwambia siku ile alikuwa hatazami. "Wewe? Uwanjani? Hutazami?" Maiki alicheka akidhani ni utani, akangoja, kisha akazima chombo chake. Benchi lilianza kupungua. Wengine walivuka barabara wakakaa kwa Gundi, ambaye hakujua mpira hata kidogo, lakini alikuwa akiongea. Gundi mwenyewe siku moja alivuka kuja upande huu, akasimama, akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikuwa natania tu." Jicho akamwambia najua. Ilikuwa kweli, alijua.

Asubuhi moja Sindano alikuja kibandani. Alikuwa hajafika pale kwa muda mrefu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka njumu zake juu ya meza ya kazi.

"Za Kiberiti," alisema. "Anaondoka kesho kwenda bwenini, na zake zimepasuka. Nimemwambia nitampa hizi. Gundi amezibandika vibaya, soli inaachia. Naomba uzishone."

Jicho alizichukua. Alianza na ya kulia, akabandua gundi kuukuu, akatoboa, akashona mduara mzima bila kusema. Kisha akaichukua ya kushoto. Soli yake ilikuwa karibu nzima, meno yote makali, kama alivyoambiwa. Aliingiza mkono ndani kupima, vidole vikakuta kitu kisiginoni.

Kilikuwa kipande cha ngozi laini, kimekunjwa, kimeshonewa humo kuinua kisigino ili goti lisipate mzigo. Aliigeuza njumu kwenye mwanga. Ngozi ile aliifahamu. Ilikuwa ya vipande anavyotupa kwenye ndoo chini ya meza. Na mshono ulikuwa wake, wa nyuzi mbili zinazopishana, fundo limefichwa ndani lisiumize nyama. Kulikuwa na madoa madogo ya kahawia pembeni, pale ambapo mshonaji alijichoma.

"Ulishona mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Ukiwa uwanjani. Siku za mechi kibanda kinakuwa hakina mtu."

Alipitisha kidole gumba juu ya mshono. Ulikuwa umenyooka. Wanafunzi wake wawili wa zamani, wanaume wazima, hawakuwahi kufikia mshono ule.

"Umeshona vizuri," alisema, na macho yakamjaa machozi, hakuyaficha.

"Ulinifundisha wewe, baba."

Gari la mizigo lilipita, vumbi likaingia, wakangoja lipite. "Kipande hiki nikiache au nikitoe?" Jicho aliuliza.

"Kitoe tu. Kiberiti hakihitaji. Miguu yake mizima."

Alichukua kisu kidogo akakata nyuzi, moja baada ya nyingine, akivuta polepole asichane ngozi. Kile kipande kilipotoka hakukitupa kwenye ndoo. Alikitia mfuko wa shati. Alizifuta njumu zote mbili kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa, akazifunga kamba pamoja, akampa.

"Zitamtosha?"

"Kidogo kubwa. Atavaa soksi mbili." Sindano alizitundika begani, akashika nguzo ya kibanda, akajiinua. "Haya baba, tutaonana nyumbani."

"Haya, mama."

Alianza kuondoka kufuata barabara ya kwenda uwanjani. Njia pale ilikuwa imenyooka, ndefu, na kutoka kwenye kiti chake Jicho alizoea kumsoma kila mpitaji mpaka kwenye kona: huyu mgongo, yule kisigino, yule amegombana na mkewe. Mteja mmoja aliyekuwa amebaki kwenye benchi aligeuka kumtazama yule msichana, akatikisa kichwa. "Fundi," alisema, "huyu binti goti lake siku hizi vipi? Anatembeaje pale, wewe unaonaje?"

Jicho alikuwa ameinama. Alikuwa ameokota kiatu, chochote kilichokuwa karibu, kisicho na tatizo lolote, akakisogeza karibu kabisa na uso wake.

"Sijaona," alisema, na hakuinua kichwa mpaka alipohakikisha binti yake ameshapita kona.